Kahawa, Maziwa na Mpira: Karne ya Timu za Thika na Ruiru

Uwanja huu wa Murera hauna jina. Ukiuliza njia utaambiwa tu "pale kwa mpira". Ni kipande cha udongo mwekundu, kimeinama kidogo upande mmoja kiasi kwamba timu inayoshambulia kwenda chini kipindi cha pili huhesabiwa imeshinda nusu ya mechi. Milingoti ni ya mkaratusi, na mahali pa mtambaa panya imefungwa kamba ya katani iliyolegea katikati, kwa hiyo kila mpira wa juu huzaa ubishi wa dakika tano. Refa ni dereva wa boda boda. Ameegesha pikipiki yake nyuma ya goli, ufunguo mfukoni, na mteja akipiga simu mechi itasimama.

Kila mchezaji ametoa shilingi hamsini. Fedha hizo ndizo za mpira, chokaa, maji na soda ya refa. Wenyeji wamevaa jezi walizogawiwa na mgombea wa udiwani. Mgombea alishindwa, jezi zikabaki, na uso wake bado unatabasamu mgongoni mwa beki wa kulia. Wageni ni vijana wa machimbo ya mawe, mikono imekakamaa na vumbi jeupe limewaganda kwenye nyusi.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando yangu juu ya debe la kuchumia kahawa aliuliza swali ambalo nimelisikia maeneo haya tangu utotoni: "Hii timu ni ya nani?"

Hakuuliza inaitwaje. Kuanzia Ruiru hadi Thika, timu haikuwa na maana mpaka ujue mwenyewe ni nani, yaani nani anayelipa nauli, nani anayenunua njumu, nani anayempa mshambuliaji kibarua kiwandani ili Jumatatu awe na cha kula. Historia ya mpira wa hapa inasomeka vizuri zaidi kwenye daftari la mishahara kuliko kwenye kabati la vikombe. Kabati lenyewe, tuseme kweli, halijajaa.

Ardhi hii ilianza kufanya kazi kwa ajili ya wengine zamani. Mwaka 1908 mto Ruiru ulifungwa ili maji yake yazalishe umeme, na umeme ule haukuwa wa Ruiru, ulikwenda kuwasha taa za Nairobi. Mwaka 1913 reli ikafika Thika. Ilijengwa kwa jina la "tramu" kwa sababu serikali ya London isingeidhinisha kwa urahisi fedha za tawi jipya la reli, lakini kilichopita juu yake kilikuwa kilekile: katani, kahawa na watu. Mashamba makubwa ya walowezi yalihitaji mikono, na mikono ilitoka mbali, mingine ng'ambo ya Bonde la Ufa, ikiwa na kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kilichofungwa shingoni ndani ya kikebe cha bati.

Mpira uliingia kwa milango miwili, misheni na mwajiri. Misheni ilitaka vijana wenye nidhamu. Mwajiri alitaka wasitoroke. Mfanyakazi aliyekuwa na mechi Jumapili alikuwa na sababu moja zaidi ya kubaki kambini, na mechi ilikuwa nafuu kuliko nyongeza ya mshahara. Kufikia mwaka 1926 kampuni ya sabuni ya Gossage ilikuwa imetoa kombe la kushindaniwa na Kenya na Uganda, kwa hiyo hata timu za taifa katika kanda hii zilianza maisha yao zikicheza chini ya jina la mwuza sabuni. Tukilalamika leo kwamba biashara imeingilia mpira, tukumbuke kwamba mpira wenyewe ulikuja ukiwa umefungwa ndani ya karatasi ya sabuni.

Hapa nitachepuka kidogo. Jirani ya Murera lilikuwepo shamba kubwa la Juja, mali ya Mmarekani aitwaye William Northrup McMillan. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa ajabu. Alipofariki mwaka 1925 alitaka kuzikwa kileleni mwa Ol Donyo Sabuk, lakini jeneza halikufika kileleni na kaburi likachimbwa chini kidogo. Mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, akawinda tambarare hizihizi. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ni kumbukumbu aliyowekewa na mkewe.

McMillan alizaliwa St. Louis mwaka 1872. Jiji hilo ni la besiboli kama Kisumu ilivyo ya kandanda. Timu tunayoijua leo kwa jina la Cardinals ilianza kucheza katika ligi ya kulipwa mwaka 1882, McMillan akiwa mtoto wa miaka kumi. Angeweza kuleta mchezo huo Juja pamoja na bunduki zake. Kama aliuleta, haukuota. Mpira wa miguu hauhitaji gongo wala glovu. Karatasi na kamba vinatosha.

Lakini St. Louis ilitoa jambo lingine linalotuhusu. Kuanzia mwaka 1920 hivi meneja wa Cardinals, Branch Rickey, alichoka kushindwa na timu tajiri za New York kila alipotaka kununua mchezaji. Akaamua kuwakuza mwenyewe. Alinunua hisa katika timu za miji midogo, moja baada ya nyingine, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930 Cardinals walikuwa na timu zaidi ya thelathini chini yao. Mfumo huo Wamarekani waliuita mashamba, kwa neno lilelile la mkulima. Mji mdogo unapanda, unapalilia, unamwagilia. Kijana akikomaa anapandishwa gari la jioni kwenda mjini. Mji mdogo unabaki na uwanja, mwangwi wa shangwe na miche mipya.

Mfumo ule ulidumu karne nzima. Kisha kuingia msimu wa 2021 wakuu wa besiboli wakapunguza timu hizo kutoka 160 hadi 120. Miji kadhaa, mingine ikiwa na uwanja wake tangu enzi za mababu, ikaamka haina timu ya kulelea vijana wa klabu kubwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hesabu, maana sababu za mwenye mali huwa ni za hesabu.

Mtu asidhani besiboli haijafika kabisa kwetu. Lugazi, mji wa sukari kule Uganda, ulipeleka watoto wake Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012 kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto, wa kwanza kutoka bara hili kucheza pale. Mwaka mmoja kabla, watoto wengine wa Uganda walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Lugazi ni ndugu wa Thika kwa sura: mabomba ya kiwanda, malori, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, na kiwanja katikati.

Turudi kwetu. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 iliwakuta watu wa Kiambu na Thika mahali pabaya kabisa. Kuanzia mwaka 1954 familia zilihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba, saa za kutotoka nje zikawekwa, na mkusanyiko wowote wa vijana ukawa jambo la kutiliwa shaka. Miaka ya hamsini ndiyo ambayo klabu nyingi za Nairobi, Nakuru na Mombasa zilikuwa zikijijenga. Huku kwetu kijana wa miaka ishirini alikuwa kizuizini, msituni, au akichimba mtaro. Mtu akiniuliza kwa nini eneo hili halikuzaa klabu kubwa ya wananchi, jibu langu huanzia kwenye mtaro huo.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata Luo Union, kisha Feisal ya Mombasa, kisha Abaluhya. Ukiyasoma majina hayo unaona nguzo mbili, mji wenye wafanyakazi wengi na jamii iliyojikusanya mbali na nyumbani. Gor Mahia ilipozaliwa mwaka 1968 ilisimama juu ya nguzo ya pili, na imesimama hapo hata baada ya serikali kukataza majina ya kikabila, Abaluhya wakageuka AFC Leopards. Mtu wa Thika hakuwa mbali na nyumbani. Alikuwa nyumbani, na mtu aliye nyumbani hahitaji klabu ya kumkumbusha nyumbani. Nguzo ya jamii ikakosekana. Ikabaki ya kiwanda.

Na viwanda vilikuwepo. Thika ilipewa jina la Birmingham ya Kenya: nguo, ngozi, mikebe, nanasi, malori ya kuunganishwa. Mfumo wa timu za kazini ulienea nchi nzima. Kenya Breweries, ambao baadaye walijiita Tusker, walikuwa na uwanja wao Ruaraka kando ya barabara hiihii ya Thika. Kisumu walikuwa na Kicomi ya kiwanda cha pamba, Eldoret walikuwa na Rivatex ya nguo, Webuye walikuwa na Pan Paper. Mchezaji aliajiriwa kama karani, mlinzi au fundi. Asubuhi alionekana kazini, alasiri aliruhusiwa kwenda mazoezini, na siku mguu ulipovunjika bado alikuwa na kazi. Wachezaji wa leo wakisimuliwa hilo hudhani ni hadithi ya sungura na fisi.

Kilele cha mfumo huo, kwa maoni yangu, si Breweries. Ni Oserian. Timu ya shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Waridi zilikuwa zikipaa kwenda Uholanzi usiku, na kombe la taifa limewekwa ofisini shambani. Baada ya miaka michache timu haikuwepo tena. Haikufa kwa kufungwa mabao, bali kwa uamuzi wa chumba cha mkutano. Kicomi na Rivatex nazo zilikuwa zimekwisha kupita njia hiyo soko lilipofunguliwa na mitumba kuziba pumzi ya viwanda vya nguo.

Kufunguliwa kwa soko kulikoua nguo ndiko kulikoleta maziwa. Mwaka 1992 serikali iliondoa ukiritimba wa shirika la maziwa la KCC katika kuuza maziwa mijini. Mwaka 1993 kampuni ya Brookside, ya familia ya Kenyatta, ikaanza kazi Ruiru. Kabla ya miaka mingi kupita, malori yake yalikuwa yakipita alfajiri kwenye kila njia ya udongo ya Kiambu, makopo yakigongana, wakulima wamesimama na tochi. Jina hilohilo likaonekana kifuani mwa jezi za Thika United, na watu wakaiita timu hiyo wauza maziwa.

Thika United ndiyo timu ndogo ninayoijua vizuri kuliko zote. Haikuwahi kuwa bingwa. Hakuna mwaka ambao ubingwa wa ligi kuu ya wanaume umekwenda Thika. Ilikuwa timu ya katikati ya jedwali, inayowasumbua wakubwa Jumamosi na kupoteza kwa wadogo Jumatano. Ilicheza wakati mzuri, kwani kuanzia mwaka 2007 kituo cha SuperSport kilirusha ligi kwenye televisheni, na kwa mara ya kwanza mchezaji wa Thika aliweza kuonekana Lusaka au Johannesburg.

Nakumbuka alasiri ambazo Gor Mahia walikuja. Barabara mpya ya njia nane ilikuwa imekamilika mwaka 2012, na matatu zilizotoka Nairobi zilishuka Thika zikiwa zimejaa kijani ndani na juu, matawi yakining'inia madirishani. Kufikia saa tisa jukwaa lote lilikuwa la wageni. Sisi wenyeji tulikuwa kama mia mbili, tumejibana karibu na lango la kuingilia wachezaji, tukiwa tumebeba pakiti za maziwa badala ya vuvuzela. Kipa wetu alizomewa kwenye uwanja wake mwenyewe tangu akipasha misuli. Muuza njugu alinieleza kwa huruma kwamba siku za Gor huuza kapu tatu, na siku nyingine zote nusu kapu, "na hiyo nusu nakula mimi." Halafu wauza maziwa walicheza mpira wa chini, pasi fupifupi, bila haraka, kana kwamba jukwaa halipo. Sikumbuki matokeo. Nakumbuka kiungo mmoja mwembamba mwenye mguu wa kushoto akiwazungusha watu wawili kwenye eneo lisilozidi mkeka wa kuswalia.

Alikuwa Francis Kahata. Kutoka Thika alipelekwa Albania, KF Tirana. Baadaye akawa Gor Mahia, akashangiliwa na jukwaa lilelile lililokuwa likitutisha, na mwaka 2019 akasajiliwa na Simba ya Dar es Salaam. Dennis Odhiambo naye aliichezea Thika kabla ya kwenda Sofapaka. Wote wawili walikuwa kwenye kikosi cha timu ya taifa, Harambee Stars, kilichokwenda Misri katika Kombe la Afrika mwaka 2019. Branch Rickey angeutambua mpangilio huo mara moja, ila kwa tofauti moja ambayo ndiyo kiini cha mambo. Shamba la St. Louis lilikuwa na mwenyewe, aliyevuna na kurudisha mbegu. Shamba letu halikuwa na mkataba na mvunaji. Gor hawakuwa na deni la kulea kipaji Thika, na fedha za uhamisho katika ligi yetu mara nyingi zilikuwa nauli na ahadi.

Kahawa nayo ilikwenda hivyohivyo, na hapa siwezi kujizuia. Kituo cha utafiti wa kahawa kilicho Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina mpya ya mbuni, fupi, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Wakaiita Ruiru 11. Asiyejua kilimo akisikia jina hilo hudhani ni kikosi cha mpira, na mimi kwa muda mrefu nilikuwa mmoja wao. Ruiru 11 ndilo zao maarufu kuliko yote yaliyobeba jina la mji huu. Hunywewa mbali, na anayeinywa hajui Ruiru iko wapi.

Mambo yaliharibika haraka. Mwaka 2017 ligi ilipanuliwa kufika timu 18 baada ya mvutano mrefu kati ya shirikisho na kampuni iliyoendesha ligi; SuperSport wakavunja mkataba wakaondoka. Januari 2018 SportPesa, wadhamini wa ligi, wakasitisha ufadhili wao wa michezo nchini kwa sababu ya kodi mpya ya asilimia 35 kwa kampuni za kamari. Klabu kubwa zilipiga kelele. Klabu ndogo hazikuwa na pumzi ya kupigia kelele. Mkono mtupu haulambwi: mchezaji aliyekosa mshahara miezi miwili humaliza mazoezi, hukunja jezi yake vizuri, na wiki inayofuata humwoni.

Mwishoni mwa msimu wa 2018 Thika United ilishushwa ngazi pamoja na Wazito. Haikurudi ligi kuu tena. Tusiseme ni Thika peke yake iliyoandamwa. Duka kubwa la Nakumatt lilipoporomoka, timu yake ilibadilishwa jina ikawa Mount Kenya United, na mwaka 2019 ikawa imekwisha. Sony Sugar, timu ya kiwanda cha miwa cha Awendo iliyokuwa bingwa mwaka 2006, ilifukuzwa ligini msimu uliofuata kwa kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Timu iliyoshinda taji ilishindwa nauli.

Thika haikukaa ukiwa muda mrefu. Upande wa pili wa mji kuna kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Bidco, kilichoanza kazi hapo mwaka 1991. Timu yake, Bidco United, chini ya kocha Anthony Akhulia, ilikuwa ya pili nyuma ya Nairobi City Stars katika ligi ya daraja la pili pale korona iliposimamisha kila kitu mwaka 2020, na zote mbili zikapandishwa. Mji ukatoka kwenye maziwa ukaingia kwenye mafuta. Baadhi yetu tulihama na mapenzi yetu bila aibu. Wengine mpaka leo hukataa, wakidai mafuta na maziwa havikai kwenye sufuria moja.

Walioleta vikombe Thika ni wanawake. Thika Queens walikuwa mabingwa wa ligi ya taifa ya wanawake zaidi ya mara moja, tena katika ligi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na kamera wala posho ya maana. Ungewakuta mabinti wakishuka kwenye matatu ya kawaida na mifuko ya njumu mikononi, wakilipa nauli kama abiria wengine, na kondakta hakujua kwamba amembeba bingwa wa Kenya. Nimewaona wazee waliokuwa wakiuliza "timu ya nani" wakikaa kimya wakiambiwa hii ni ya akina dada wenyewe na kocha wao. Swali halikuwa na pa kushika.

Murera, mechi ilikwisha mbili kwa mbili, au mbili kwa moja kwa mujibu wa walioona mpira ukipita juu ya kamba. Refa alipigiwa simu dakika ya themanini na nne, akaomba radhi, akaondoka na filimbi. Wakamalizia bila refa.

Nilimwuliza yule mzee timu za hapa zamani zilikuwa za nani. Akaonyesha kwa fimbo: kule ya shamba lile, kule ya shamba lile jingine, hapa katikati ndipo walipokutania, na msimamizi alikuwa akileta mbuzi kwa mshindi. Pande zote alizoonyesha mibuni imeng'olewa. Vigingi vya saruji vya mpimaji vimesimama kwenye mistari, vimepakwa rangi nyekundu vichwani, na kimoja kimezama ndani kabisa ya uwanja, karibu na kona ya chini. Vijana wamekivika soksi kuukuu iliyojazwa majani ili mtu asijikwae. Wakipiga kona, wanakitumia kuwekea mpira.